Mama hataki bangili ya sherifu, nami naogopa baridi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Virginia, Marekani, ninakoishi na mume wangu, watoto wetu na mama yangu mzazi. Mama ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Tulimleta huku baada ya baba kufariki. Wakati ule alikuwa anasahau funguo na majina ya wajukuu. Siku hizi daktari ameshathibitisha kuwa ni Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Asubuhi hana tabu. Shida huanza alasiri. Hapo hatulii, anajitanda kanga, anatafuta malapa, anataka kuwafuata watoto chuoni kabla magharibi haijaingia. Watoto wenyewe ni sisi, na tuna mvi. Ukimzuia anakuwa mkali, ukizubaa keshatoka. Majira ya baridi yaliyopita alikutwa kituo cha basi na malapa yake, theluji imetanda. Msamaria aliyemwona alimuuliza jina, naye akajitaja kwa jina la kifungua mimba wake, Mama Fulani, kama anavyoitwa mtaani kwao. Kiingereza kimeshamtoka, na hilo jina halimo kwenye karatasi yake yoyote. Tulimpata kwa bahati tu.

Baada ya hapo nikaelezwa kuhusu mpango unaoitwa Project Lifesaver. Ulianzia humu humu Virginia, mji wa Chesapeake, mwaka 1999, na kwetu unaendeshwa na ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa eneo letu. Mgonjwa huvishwa bangili ya plastiki mkononi au mguuni, ndani yake mna kifaa kidogo kinachorusha mawimbi ya redio kwa masafa yake peke yake. Akipotea napiga 911, namba ya dharura, maafisa wanakuja na antena za mkononi na kufuata mlio hadi alipo. Bangili yenyewe haitanishtua mama akitoka. Kujua kuwa hayupo ni kazi yangu. Na kila baada ya miezi miwili hivi afisa huja nyumbani kubadilisha betri.

Kaka yetu mkubwa, aliyeko Tanga, aliposikia alipandisha sauti mpaka simu ikakoroma. Mama si mbuzi wa kufungwa kamba, akasema, na kwamba Wamarekani watampandikiza mdudu wa kumfuatilia mwilini. La mdudu nimemjibu: kuna sheria ya nchi nzima ya mwaka 2018, imepewa majina ya Kevin na Avonte, watoto wawili wenye usonji waliopotea wakafa, nayo inatoa fedha kwa mipango ya namna hii na inataka vifaa visivyoingia mwilini na visivyo vya kudumu. Jibu la kaka ni kwamba nimrudishe Tanga, ambako akitoka barabara ya kumi, wa barabara ya kumi na mbili atamshika mkono amrudishe. Si uongo, ila wale waliokuwa wakimjua wengi wamekufa au wamehamia Dar, na kaka hajasema nani atakayelala naye usiku.

Dada aliyeko Maskati yeye anataka saa ya GPS, ili sote tuone kwenye simu mama alipo. Wazo zuri, isipokuwa saa hiyo inahitaji kuchajiwa kila mara, na mama huvua chochote chenye kifungo. Tena, Shangazi, sipendi. Nalijua kundi letu la familia: mama akienda msalani tutaulizana kwa nini amekawia. Bangili ya redio haimwonyeshi mtu alipo mama mpaka atafutwe, na kwa hilo naipendelea.

Mume wangu naye ana lake. Hataki mtu mwenye bastola awe anabisha hodi kwetu kila baada ya miezi miwili. Sisi ni weusi, Waislamu, wageni, na simlaumu.

Haya yote ningeyamaliza kwa kikao. Linalonikosesha usingizi ni mama mwenyewe. Asubuhi moja, akili imetulia kabisa, nilimweleza kila kitu na kumwonyesha picha. Akaniuliza, "Nikitaka kuivua?" Nikamwambia haivuliki, mpaka afisa aikate. Akasema, "Basi sitaki. Sijavishwa na mtu kitu nisichoweza kukivua." Jioni yake alikuwa mlangoni anatafuta malapa, na mazungumzo yale hayakumbuki.

Rafiki zangu wananishauri nimwambie ni zawadi, bangili kutoka Maskati kwa dada. Najua ataamini. Hata la kutawadha nimeshauliza: haiharibiki kwa maji, na imamu wetu amesema iwe imelegea, izungushwe maji yafike chini yake. Kwa hiyo njia ya kumdanganya iko wazi, na ndiyo inayonitisha. Mtu akikukatalia akiwa na akili zake timamu, kisha akasahau kwamba alikataa, katazo lake limekufa?

Binamu yangu aliyeko Uingereza amenitumia fomu ya huko iitwayo Herbert Protocol, ambayo familia huijaza mapema na kuikabidhi polisi mtu akipotea: picha, mahali alipowahi kuishi, jina analoitikia. Imepewa jina la George Herbert, askari mkongwe aliyepigana Normandy, Ufaransa, katika Vita Kuu ya Pili, aliyefia njiani akiitafuta nyumba ya utotoni mwake. Nimeijaza ya mama kwa Kiingereza na Kiswahili, nikaongeza "mwiteni Mama Fulani, msimshike mkono kwa nguvu". Lakini karatasi haimtafuti mtu gizani.

Shangazi, na nyie wasomaji mliouguza wazee ugenini: nani kati yenu amemvisha mzazi kitu kama hiki baada ya kukatazwa? Mlimwambia nini, na alipokigundua ilikuwaje? Na kuna aliyeweza kumwomba afisa aje bila sare na bila silaha? Ofisi inasubiri jibu langu, na theluji haiko mbali.

Binti wa Ngamiani,
Virginia