Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ushirikiano Wetu na Chuo Kikuu katika Utafiti wa Uhandisi

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano uliopita mliniagiza nirudi na jibu la swali moja: kampuni inayolipa ada ili kushirikiana na chuo kikuu katika utafiti wa uhandisi inapata nini ambacho isingekipata kwa kumwita fundi hodari na kumlipa? Hesabu za chama zimo kwenye makabrasha yenu, hivyo nitajibu swali hilo tu.

Nianze na shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya mashine. Mwanachama mwenzetu anayetengeneza mashine za kusaga nafaka alikuwa akirudishiwa mashine zilizokatika shafti, na kila mara tulimshauri, mimi nikiwa wa kwanza, atumie chuma kinene zaidi. Vipande vilipopelekwa maabara, mhadhiri alivisafisha, akavigeuza chini ya taa na kutuonyesha mistari myembamba inayofuatana, kama alama ambazo maji huziacha mchangani yanapokupwa. Alitueleza kwamba shafti haikushindwa na mzigo wa siku moja, bali ufa ulikuwa ukikua kidogo kidogo kila ilipozunguka, na ulianzia pale inapopunguzwa unene ili ipokee beringi, mahali ambapo fundi alikuwa akiacha kona kali. Dawa ilikuwa kuichonga kona hiyo iwe na mviringo, kazi inayofanyika kwa mashine ile ile iliyopo karakanani. Fundi hodari angetuchongea shafti mpya, nayo ingekatika pale pale.

Vifaa vya kupimia uimara wa chuma ni ghali, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angevinunua ili avitumie mara tatu kwa mwaka. Hata hivyo, kwa maoni yangu, faida kubwa kuliko zote ni watu. Wanafunzi wa uhandisi hulazimika kufanya mafunzo kwa vitendo, yaani PT, na tuseme ukweli, wengi wetu tumezoea kuwapa ufagio. Wanachama waliowakabidhi tatizo halisi waliona likirudi chuoni na kuwa mradi wa mwaka wa mwisho, likisimamiwa na mhadhiri, na kampuni mbili zimeajiri vijana ambao tayari wanazijua mashine zao.

Njia hii si ngeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, kina BICO, ofisi inayounganisha wataalamu wake na viwanda, tangu mwaka 1990. Nchini Uingereza, Chuo Kikuu cha Sheffield kilianzisha AMRC, kituo cha utafiti wa mbinu za kisasa za utengenezaji viwandani, pamoja na kampuni ya ndege ya Boeing mwaka 2001. Kampuni wanachama wa kituo hicho hulipa ada, hushiriki kuchagua utafiti wa pamoja na hugawana matokeo yake, na mwaka 2018 Boeing yenyewe ilifungua kiwanda mjini Sheffield.

Wapo waliohofia siri za biashara, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu ripoti ya mwanafunzi huishia maktaba ambako mshindani anaweza kuisoma. Mkataba wetu sasa unasema kwamba matokeo ya utafiti wa pamoja ni ya wote, mradi uliogharimiwa na kampuni moja unabaki wake, na hakuna kinachochapishwa kuhusu mradi huo kabla maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, hayajawasilishwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni.

Sikufurahishwa na kasi. Mkataba ulizunguka mezani kwa miezi, na wakati wa mitihani maabara hazikupatikana, kwa hiyo mwenye mashine iliyosimama leo asisubiri chuo. Aidha, waliolipa ada wakakaa kungoja hawakupata kitu, nami sioni wa kulaumiwa isipokuwa wao.

Kwa hiyo Kamati inapendekeza ada ibaki ilivyo, na kila kampuni iwasilishe kwa maandishi tatizo lake moja, pamoja na kipande kilichoharibika kama kipo, kabla msimu ujao wa PT haujaanza.

Naomba kutoa hoja.