Wahadhiri, kipindi cha laivu sio cha kusoma slaidi

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wahadhiri wa kozi za mtandaoni. Jamani, tangu 2020 tuko kwenye Zoom na bado mtu anasoma slaidi saa zima huku wote tumezima maiki, sasa hiyo si bora aturekodie tu tuangalie kwa muda wetu? Raha ya laivu ni kuulizana papo hapo, kwa hiyo mtugawe kwenye vyumba vidogo, watu wanne watano, tubishane swali moja kisha turudi, na chati muisome maana wengine wanaogopa kuongea. Kamera msilazimishe, video inakula bando kuliko sauti. Halafu rekodini, mtandao ukikatika mtu asikose somo zima.

Mwanafunzi wa masomo ya mbali