Kwa mama wa kitenge cha kijani, foleni ya usajili

Shikamoo mama, popote ulipo. Jina sikukuuliza, nisamehe.

Ilikuwa Agosti, chuo cha jamii (community college, cha kozi za miaka miwili au pungufu) hapa Columbus, Ohio. Nilikuwa nimeshatia alama kwenye shahada ya miaka miwili ya sayansi tumizi, kwa kuwa jina lake lilinivutia (ndiyo, jina tu). Ulichungulia fomu yangu, ukaniuliza kwa Kiswahili cha Bukavu: "Mwanangu, unatafuta kazi ya haraka, ao unataka kufika chuo kikuu?"

Chuo kikuu, nikajibu. Ukanieleza kwamba ile tumizi imeundwa kwa ajili ya ajira, na krediti zake nyingi, yaani vipimo vya masomo uliyomaliza, huenda zisipokelewe chuo kikuu. Nichague shahada ya kuhamia, ile ya kuendelea nayo chuo kikuu, krediti 60 hivi, tena kwanza nikiulize chuo kikuu ninachokitaka kinapokea masomo gani. Cheti cha kozi fupi ya kazi, ukasema, ni cha anayedaiwa kodi ya nyumba mlangoni.

Na ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia masomo, FAFSA, kumbe kuijaza ni bure! Nilikuwa nimeshaandaa dola za kumlipa kijana anijazie.

Nilihamia bila kurudia somo hata moja. Asante sana, mama. Kalamu yako bado ninayo.