Barua kwa Mwanangu: Uliza Kwanza Anataka Ukubali Nini

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo. Umeniandikia kwamba Crito, kile kitabu cha mazungumzo alichoandika Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, umekipigia mistari karibu kila sentensi, na bado mwalimu wako anasema hujaiona hoja. Naamini shida si akili yako, bali ni pale unapoanzia. Usiulize kwanza mwandishi amesema nini, kwa maana amesema mengi. Uliza anataka ukubali nini, kisha utafute sababu anazokupa.

Mwaka 399 KK Socrates, mwanafalsafa na mwalimu wa Plato, yumo gerezani Athens akingoja kuuawa kwa hukumu ya mahakama, na rafiki yake Crito amekuja alfajiri kumsihi atoroke. Hitimisho la Socrates ni kwamba hapaswi kutoroka. Sababu zake, ukizitenga na maneno mengine, ni hizi: haifai kutenda ubaya hata kulipiza ubaya, kuvunja makubaliano ya haki ni ubaya, na kutoroka ni kuvunja makubaliano yake na Sheria za mji. Maneno kama "kwa hiyo" na "kwa kuwa" husaidia kuzitambua, ingawa waandishi wengi huyaacha.

Tulia hapo kwenye sababu ya tatu, maana ndipo penye kazi. Socrates alikubali lini? Sheria, ambazo Plato amezipa sauti kana kwamba ni watu, zinajibu kwamba kwa miaka 70 alikuwa huru kuhama naye akabaki, na abakiye amekubali kwa vitendo. Dai hilo la mwisho linasemwa kwa maneno machache, lakini ndilo lililobeba uzito wote. Lipime. Kijana wa huku Kibosho aliyerithi kihamba, yaani shamba la ukoo, chenye migomba, kahawa na makaburi ya babu zake, asiye na shamba jingine wala nauli ya kwenda kuanza maisha kwingine, je, kwa kubaki tu amekubali kila uamuzi wa ukoo? Mimi nasema hapana. Sheria zingejibu kwamba Athens ilimruhusu mtu kuondoka na mali yake, na jibu hilo lina nguvu kwa mtu kama Socrates kuliko kwa maskini.

Hata hivyo, ukiiangusha sababu hiyo usiandike kwamba Socrates alipaswa kutoroka, kwa kuwa hitimisho lake laweza kuwa na sababu nyingine. Andika tu kwamba hoja hii haijalifikia, ueleze ilipokatikia, kisha unitumie nisome kabla hujamkabidhi mwalimu.

Mama yako