Tozo za leni sawa, ila anayeshea gari msimguse

Mhariri,

Kila nikishika simu nakuta watu nyumbani wanabishana kuhusu barabara ya haraka ya kulipia ya Kibaha kwenda Chalinze, na wengi wanaifananisha na daraja la Kigamboni, yaani unafika getini unatoa hela unapita basi. Mimi naishi Lynnwood, jimbo la Washington huku Marekani, na siku zote za kazi napita barabara kuu ya I-405 kwenda mji wa Bellevue. Ile ni barabara ya bure ila ndani yake kuna leni za kulipia upande wa kushoto, hakuna geti wala wa kupokea hela, na bei inapanda na kushuka kutokana na foleni. Naomba nafasi niseme ninachokiona maana naona huko mnajadili kulipa au kutolipa tu, na mimi nadhani swali kubwa liko kwingine.

Inavyokwenda ni hivi. Juu ya barabara kuna kibao cha taa kinakuonyesha bei ya kufika sehemu kama tatu za mbele, mtambo unasoma namba ya gari au kistika cha malipo ulichobandika kwenye kioo, hela inakatwa kwenye akaunti. Leni ikianza kujaa bei inapanda ili wengine waghairi kuingia, ikiwa tupu inashuka. Zilipofunguliwa Septemba 2015 bei ya juu ilikuwa dola 10, Machi 2024 ikapandishwa mpaka dola 15, na ya chini ikawa dola 1. Halafu kuna kitu wageni wengi hawakijui wanaingia kwa woga: bei uliyoiona wakati unaingia ndio utakayolipa, hata ikipanda mara mbili ukiwa ndani haikuhusu.

Na kweli inasaidia, sitadanganya. Siku niliyoitwa kwamba mtoto ana homa nililipa bila kujiuliza, nikafika wakati leni za pembeni magari yamesimama kabisa. Hela zinazokusanywa sheria inataka zibaki kwenye njia hiyohiyo, na basi namba 535 la kwenda Bellevue linapita humo bure, abiria wake hashiki foleni ya pale Bothell. Hilo nalipenda sana.

Linaloniuma ni hili. Kabla ya 2015 ile leni ya kushoto ilikuwa ya bure kwa gari lenye watu wawili. Zilipokuja tozo wakasema asubuhi kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 3, na jioni saa 9 mpaka saa 1, siku za kazi, bure ni kwa watu watatu na kuendelea, tena lazima uwe na kistika maalumu chenye swichi ya kuonyesha kwamba mmeshea gari, ukisahau kuswichi unalipa kama uko peke yako. Sasa mimi naenda kazini na jirani yangu mama mmoja wa Bukavu, wote tunahudumia wazee, tumeshea gari miaka mingi, wiki hii langu wiki ijayo lake. Tunatoka saa 11 na dakika 40. Tukifika pale Canyon Park njiani wote tunanyanyua macho kwenye kile kibao, kama ni dola 3 tunaangaliana, kama ni 9 yeye anatikisa kichwa tu na mimi nabaki leni za kulia za bure. Wakati huo kushoto anatupita mtu yuko peke yake kwenye gari kubwa. Sina ugomvi naye, kalipa, lakini sisi tulishaondoa gari moja zima barabarani na tunahesabiwa sawa na yeye! Mtu wa tatu tumemtafuta sana, zamu haziingiliani, huyu anaanza saa 12 yule saa 2.

Kuna vibao vingine vya taa, sio vya bei, vinaonyesha spidi na leni iliyofungwa; hivyo nawaomba mvichukue bila kubishana, havimbagui mtu. Kwenye barabara kuu ya I-5 ya kuingia Seattle kutokea kusini waliviweka Agosti 2010. Mbele kukiwa na ajali unaona namba ya spidi inashuka, maili 50 kwa saa, halafu 40, halafu juu ya leni moja unatokea mshale wa kukuambia hama, na mwisho X nyekundu, leni imefungwa. Namba ile ni sheria sio ushauri, unaweza kuandikiwa faini. Mara ya kwanza mimi sikuielewa, barabara mbele naiona nyeupe nikasema hii imeharibika nikaendelea chini ya X, kona ijayo nikakuta dereva wa gari la kuvuta kapiga magoti anafunga mnyororo, mgongo wake uko hatua mbili tu kutoka kwenye mstari. Nilitetemeka mpaka nyumbani. Kwa hiyo mkiviweka, wafundisheni madereva kwanza, kwenye redio, kwenye vituo vya daladala, shule za udereva, kabla taa ya kwanza haijawaka.

Kuhusu tozo nasema hivi: basi la abiria na gari walioshea watu wapite bure au kwa bei ya chini, na iandikwe kwenye mkataba na mwekezaji kabla hajamwaga kokoto, maana akishaanza kukusanya hakuna atakayemrudisha nyuma. Na mwenye kipato kidogo afikiriwe. Kule California kwenye I-880 ya Oakland, mwaka 2023 walianza majaribio, mtu wa kipato cha chini akijiandikisha anakatiwa nusu ya bei hata akiwa peke yake kwenye gari, kwa hiyo kompyuta inaweza, ni wakubwa kuamua tu. Huku kwetu nimeshawaandikia wawakilishi wa jimbo kuomba watu wawili turudishiwe bure asubuhi, na yule mama wa Bukavu kaandika yake.

Mtanzania, Lynnwood, Washington