Risala ya Wahitimu wa Baiolojia, Kidato cha Sita, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mhifadhi wa Misitu;
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule;
Mkuu wa Shule, walimu na wafanyakazi wote;
Wazazi na walezi wetu;
Wanafunzi wenzetu;
Mabibi na mabwana,

Tunakusalimu kwa heshima kubwa. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha sote siku hii ya mahafali tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuteremka kutoka milimani kuja kukaa nasi. Kamati ya mahafali ilipotuuliza tungependa aalikwe nani, sisi wa tahasusi za PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) tuliomba aje mtu wa misitu, na katika risala hii tutaeleza kwa nini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukiwauliza wanafunzi wa PCB popote nchini wanataka kuwa nani, wengi watakujibu daktari, mfamasia au muuguzi. Ni ndoto njema, na wengi wetu bado tunayo. Lakini ina gharama yake. Mada za moyo, figo na mishipa ya fahamu husomwa kwa hamu, huku za mimea na ikolojia zikiachwa mpaka mtihani wa taifa wa mwezi Mei unapobisha hodi, ndipo zinakaririwa usiku kutoka kwenye mitihani ya miaka iliyopita. Mwanafunzi anaweza kuchora zailemu na floemu, mirija ya mmea ya kupitisha maji na chakula, bila kukosea mstari, na asijue jina la mti anaoukalia kivulini wakati wa mapumziko. Kwa shule iliyopo wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, jambo hilo linasikitisha, na tunashukuru kwamba walimu wetu hawakuliacha liendelee.

Walianza na mkonge. Hakuna mtoto wa Tanga asiyeujua mkonge. Kitabu kinaeleza kwamba mimea ya jamii hiyo hufungua stomata, vitundu vidogo vya jani, usiku, wakati hewa ina ubaridi na maji hayapotei sana, ikavuta kaboni dioksidi na kuihifadhi kwenye vakuoli, vifuko vya ndani ya seli, kama asidi ya maliki. Mchana stomata hufungwa, na akiba ile hutumika katika usanisinuru. Mwalimu wetu alisema maelezo hayo yanapimika, basi tuyapime. Tulivaa glavu, maana utomvu wa mkonge huwasha. Tukakata kipande cha jani kabla ya jua kuchomoza, na jioni tukakata kingine kwenye mche uleule, uzito uleule. Kila kipande kilipondwa kwenye kinu, kikachujwa na kuongezwa maji ili rangi ya kijani ipungue. Kisha tukadondosha sodiamu hidroksaidi kutoka kwenye bureti, tone baada ya tone, hadi fenofthalini, kiashiria cha asidi, ilipogeuka waridi. Utomvu wa alfajiri ulihitaji sodiamu hidroksaidi nyingi kuliko wa jioni, maana ulikuwa na asidi zaidi, na tofauti ilionekana kwa macho kwenye mistari ya bureti. Tukajaribu nanasi, likatoa jibu kama la mkonge. Tukajaribu jani la muhogo, tofauti ile haikuwepo. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyehitaji kukariri mada ile.

Mkonge uleule ukatufikisha kwenye jenetiki. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mkonge huzalishwa kwa vikonyo vinavyoota juu ya mlingoti wake na kwa maotea yanayochipua ubavuni, kwa hiyo mtoto hurithi jeni zilezile za mama. Mashamba makubwa kiasi kile yalitokana na miche michache kiasi hicho! Ndipo tukaelewa kwa nini watafiti wa Amani, huko juu milimani, walihangaika kuchavusha aina tofauti za mkonge kwa mkono, kazi iliyoendelezwa Mlingano, hapahapa wilayani, na kuzaa mkonge chotara nambari 11648 unaolimwa hadi leo. Tulikuwa tumezoea kuona mifano ya uzalishaji wa mimea ikitoka Ulaya na Marekani, kumbe mmoja mkubwa uko nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuseme la msituni, ambalo ndilo hasa lililotufanya tukualike.

Kutoka Muheza hadi Amani ni safari isiyofika kilomita 40, lakini mtu anahama kabisa hali ya hewa. Pepo za Bahari ya Hindi zikifika Usambara hupandishwa na mlima, hupoa, na kuacha mvua yake huko juu. Tulilijua hilo kutoka somo la Jiografia. Tulichokuwa hatujakiona ni namna mmea unavyoishi na mvua hiyo: majani ya miti ya chini yana ncha ndefu iliyochongoka, maji hutiririka na kudondoka, jani likakauka upesi kabla ukuvu haujalivamia. Mzee aliyetuongoza alikwaruza kidogo gome la mtambara, ukatoka utomvu mwekundu, akatuambia mti huu una undugu na kungumanga. Wenzetu waliokulia Pemba na Unguja walicheka kwa furaha kukuta ndugu wa kiungo cha nyumbani ana shina refu namna ile. Mwalimu akatuonyesha pia msambu, ambao mbegu zake hutoa mafuta na ambao kwa asili hauoti nje ya Tanzania. Kwenye miamba ya kijito tuliona yale maua madogo ya zambarau yaitwayo kwa Kiingereza African violet, ambayo mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyakusanya na kuyapeleka kwao, na leo yanauzwa kwenye vyungu duniani kote.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kamba na fremu za mraba. Tulipima eneo moja lenye miti mikubwa iliyofunika anga, na jingine ambalo zamani lilikatwa magogo. Kila shina tulilipima mzingo wake mita 1.3 kutoka ardhini. Ndani ya fremu tulihesabu miche yote, na hapo ndipo tulipokutana na musizi, kama Waganda wanavyouita, mti ambao kitaalamu ni Maesopsis eminii. Si mwenyeji wa Usambara. Asili yake ni misitu ya upande wa Ziwa Viktoria na magharibi zaidi, na uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Ndege aitwaye hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu mbali na mti mama. Chini ya miti mikubwa tulikuta miche yake midogo, ila karibu yote haikuwa imefika kimo cha goti. Kule kulikokatwa magogo, ambako jua linafika ardhini, ilikuwa imesimama fito kwa fito, na mingine tayari ni miti.

Darasani tulibishana juu ya mti huu mpaka kengele ikalia. Wengine walitaka ung'olewe wote. Wengine walisema unakua haraka, unatoa kuni na mbao, na udongo wa mteremko usipokuwa na mti utaishia mtoni. Maoni yetu wengi, na tunayasema mbele yako ili uturekebishe, ni kwamba kuukata wote kwa mpigo kutafungua mianya mipya ya jua, na mianya ndiyo inayoupenda. Afadhali miche ya msambu, mtambara na miti mingine ya asili ipandwe chini ya kivuli chake, halafu wenyewe upunguzwe kidogo kidogo. Tungefurahi kusikia kutoka kwako ni nini kinafanyika sasa.

Jambo hili haliishii msituni. Mto Sigi unaanzia milima hiyo, na maji yake ndiyo yanayokusanywa kwenye bwawa la Mabayani kwa ajili ya jiji la Tanga. Mwenzetu anayetoka mjini Tanga alisema hakuwahi kufikiri kwamba ndoo ya maji ya nyumbani kwao inaanzia kwenye majani yaliyooza chini ya miti ya Amani. Nasi tulijifunza mzunguko wa maji tangu shule ya msingi, ila hatukuwa tumeufuata kwa miguu yetu.

Changamoto zipo. Ziara kama ile hutegemea michango ya wazazi, na mzazi mwenye watoto wawili sekondari hawezi kuchanga kila mara. Sampuli za mimea tulizokusanya kuzunguka shule tulizikausha kwa magazeti na mbao mbili zilizofungwa kamba. Wakati wa masika magazeti yanapaswa kubadilishwa kila siku, la sivyo ukungu unakula kila kitu. Hatuna kabati kavu la kuzihifadhi. Na kwa mimea mingi tuliishia jina la Kishambaa tulilopewa na wazee, bila kuwa na uhakika wa jina la kitaalamu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tuna maombi, na tumeyafanya machache ili yatekelezeke.

Kubwa kuliko yote: tunaomba shule itengewe eneo dogo la kudumu katika hifadhi, lenye vigingi na namba kwenye miti, ambalo kila kidato cha tano watalipima mwaka hadi mwaka. Ikolojia ni elimu ya muda mrefu. Darasa moja linaona picha moja tu, lakini wadogo zetu wakipima miti ileile tuliyopima sisi, baada ya miaka michache shule itakuwa na kumbukumbu za kweli za musizi unavyosonga au unavyorudi nyuma. Vipimo vyetu tumevikabidhi kwa mwalimu wa Baiolojia, viko tayari kuwa mwanzo.

Pili, tunaomba mtaalamu wa mimea aje shuleni japo mara moja kwa mwaka kuthibitisha majina ya sampuli zetu, na tuelekezwe utaratibu wa kupata kibali cha kukusanya chache kutoka hifadhini, maana bila kibali hatuchukui hata jani. Kabati la hebaria, yaani la kuhifadhi mimea iliyokaushwa, tunaliomba kwa wazazi na bodi. Fundi seremala wa shule ameshasema yupo tayari kulitengeneza mbao zikipatikana.

Mwisho, kuna wenzetu wachache ambao baada ya safari ile wanataka kusomea misitu na botania chuo kikuu, na baadhi yao wazazi bado wana wasiwasi kama kuna kazi. Wazazi hao wako hapa ukumbini. Tunakuomba, katika hotuba yako, uwaeleze njia uliyopita wewe mwenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Kidato cha Sita, tahasusi za PCB na CBG