YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUONDOLEWA KWA ANWANI YANGU YA UMMA BILA TAARIFA

Tabata,
Dar es Salaam.
18 Novemba 2024

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa faiba tangu Machi 2023. Kila mwezi, juu ya bei ya kifurushi, nimekuwa nikilipa shilingi 30,000 kwa ajili ya kitu kimoja tu: anwani ya IP ya umma isiyobadilika, yaani namba yangu mwenyewe kwenye intaneti, inayowezesha vifaa vya nje kufika moja kwa moja nyumbani kwangu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Oktoba mliiondoa. Hamkunipigia simu, hamkutuma ujumbe wala barua pepe. Tarehe 1 Novemba mkakata shilingi 30,000 zile zile kama kawaida.

Naomba mnivumilie nieleze kazi yangu, kwa sababu wahudumu wenu watatu niliozungumza nao wote walinichukulia kama mtu anayedai kitu asichokihitaji. Wa kwanza aliniuliza, "Lakini kaka, intaneti si inafungua?" Inafungua, ndiyo. Naweza kutoka. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna anayeweza kuingia, na kuingiwa ndiko nilikolipia.

Natengeneza programu. Inayonilisha kwa sasa hutumiwa na makarani wa maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wilayani Newala kupokelea korosho za wakulima. Kwenye maghala yale mtandao wa simu huja na kuondoka unavyotaka, kwa hiyo tangu mwanzo niliijenga isitegemee kompyuta moja ya kati. Kila tableti inabeba daftari lake zima. Karani anapima, anaandika, anatoa stakabadhi, hata kama siku nzima hakuna mtandao; ukirudi, vifaa vinatafutana na kupeana kilichopungua. Msimbo wenyewe nautunza kwa Git, programu ya kuhifadhi matoleo ya msimbo, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa msingi huo huo: kila aliyenakili mradi anao wote pamoja na historia yake. Picha na nyaraka zinasafiri kwa Syncthing, programu ya kulinganisha mafaili, kutoka kifaa hadi kifaa, bila kulala kwa mtu wa tatu.

Kituo cha kukutania ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo, iliyo juu ya kabati la vyombo, sebuleni kwangu. Inatumia umeme kidogo kuliko balbu iliyo juu yake. Nikisafiri, ofisi yangu ni begi moja: laptopu ya inchi 13, waya wa USB-C, simu ya kugawia mtandao, na pawabanki ya mAh 20,000, ambayo hata kwenye ndege napita nayo. Kati ya begi hilo na kabati lile, kiungo kilikuwa anwani mliyoniuzia.

Sasa niwaambie kilichotokea.

Jumatano tarehe 30 Oktoba nilikuwa ghalani Newala. Mzee mmoja aliyeleta magunia sita alirudi mezani na stakabadhi yake mkononi. Alikuwa amesimama karibu na mizani muda wote, akisoma kila gunia kwa sauti. Mizani ilisema 79.6, stakabadhi ikasema 79. Akaniwekea karatasi mbele yangu, kidole juu ya namba, akaniuliza, "Mwanangu, hizi pointi zangu zinakwenda wapi?"

Kosa lilikuwa langu, nikamwambia hivyo. Toleo nililokuwa nimelituma wiki iliyotangulia lilikuwa linakata desimali pale uzito unapohamia kwenye stakabadhi. Uzito kamili ulikuwa salama ndani ya tableti, ila karatasi aliyokuwa akiondoka nayo mkulima ilikuwa na upungufu. Nilikaa juu ya magunia, nikafungua laptopu, na ndani ya dakika 20 nilikuwa nimelirekebisha na kulijaribu. Mzee alisubiri. Nikabonyeza kutuma nyumbani, ili tableti za maghala mengine manne zilichukue kama zinavyofanya siku zote.

Kimya. Nikajaribu tena. Kimya. Nikatoka nje nikapanda kwenye kingo ya jukwaa la kupakilia, simu juu, baa nne za mtandao. Kila tovuti ilifunguka isipokuwa nyumbani kwangu.

Tableti zile zinatumia laini za simu, na laini za simu kwa kawaida zinakaa nyuma ya anwani ya pamoja. Vifaa viwili vya namna hiyo mara nyingi haviwezi kuitana moja kwa moja. Inatosha upande mmoja uwe na mlango, na mlango ulikuwa wa kwangu. Syncthing ilijitahidi kupitia seva za kupokezana zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, ikawa inadonadona. Marekebisho ya programu hayakupita kabisa. Kwa siku mbili nilizunguka maghala manne kwa bodaboda, fleshi mfukoni, nikisasisha tableti moja moja. Kufikia hapo stakabadhi 212 zilikuwa zimetoka na upungufu. Mimi na makarani tuliziandika upya zote, tukawatafuta wenyewe mmoja mmoja. Wapo tuliowafuata hadi shambani.

Niliporudi tarehe 3 Novemba nilifungua ukurasa wa ruta. Anwani ya upande wenu inaanza na 100.72. Fundi yeyote wa mitandao akiona namba iliyo kati ya 100.64 na 100.127 hahitaji kuuliza: hilo ni fungu lililotengwa mwaka 2012 ili watoa huduma wawaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mlinihamishia huko, mkaendelea kunitoza bei ya anwani yangu mwenyewe.

Mhudumu wa pili aliniambia nizime ruta na kuiwasha. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara tatu. Yeye huyo akanishauri "nihamishie kila kitu kwenye wingu". Ndugu Meneja, rekodi zile ni za wakulima na vyama vyao. Niliwaahidi zitakaa kwao na kwenye kifaa ninachoweza kukigusa kwa mkono, na ahadi hiyo sina nia ya kuivunja kwa sababu mtoa huduma amebadilisha mpangilio usiku. Tarehe 12 Mei mwaka huu nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, watu wengi hapa mjini walikaa mikono mitupu kwa sababu kazi zao zilikuwa ng'ambo. Mimi na mwenzangu wa Mbezi, ambaye naye ni mteja wenu, tuliendelea kupelekeana kazi kutwa nzima kupitia anwani hii hii. Siku ile niliwasifia kwa watu.

Wa tatu alisema ni kwa usalama wangu. Mlango wangu unafunguka kwa ufunguo wa kidijitali, nenosiri halikubaliwi, na nimeufungia kila kitu isipokuwa huduma mbili. Kama mliona hatari, mngenieleza.

Kwamba anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ni haba, hilo nalijua na silibishi. Ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na tangu Januari 2020 AFRINIC, shirika linalogawa anwani za intaneti Afrika, hugawa zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Lakini uhaba haumruhusu mtu kuuza kitu, kukichukua kimyakimya na kuendelea kukitoza. Tena dawa ya uhaba huo ipo, ni IPv6, mfumo mpya wenye anwani nyingi zaidi, na ruta mliyonifungia inaiunga mkono. Nimeiangalia. Upande wenu haujawashwa.

Ninaomba, kwanza kabisa, anwani yangu irudishwe. Kama ile ya zamani mmeshampa mtu mwingine, nipeni nyingine ya umma na mnitaarifu siku mbili kabla ili nibadilishe mipangilio. Ninaomba pia nirudishiwe shilingi 30,000 za Novemba pamoja na sehemu ya siku tatu za mwisho za Oktoba, na nipate maelezo ya maandishi kuhusu nani aliidhinisha mabadiliko haya. Kuhusu IPv6, naomba mnipe tarehe. Niko tayari kuwa wa kwanza kuijaribu, na nitawaandikia kila hitilafu nitakayoiona.

Nimeambatisha risiti za miezi yote, nakala ya fomu niliyosaini inayotaja anwani isiyobadilika, na picha ya ukurasa wa ruta. Nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitapeleka shauri hili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, pamoja na vielelezo hivyo hivyo.

Minada ya korosho bado inaendelea. Tarehe 25 narudi Newala kwa wiki tatu, na toleo jipya la programu liko tayari kwenye laptopu. Namba yangu ya simu mnayo; fundi wenu anaweza kunipigia saa yoyote, hata usiku, tukalimaliza kabla sijaondoka.

Wenu,
Mteja wa faiba, Tabata